Homa Isiyo ya Malaria: Dawa Zinapomaliza Seli Nyeupe za Damu

Seli nyeupe za damu zikipungua kupita kiasi kwa sababu ya dawa, mwili hupoteza kinga yake dhidi ya bakteria na kuvu, na maambukizi ambayo kwa kawaida yangepona kwa siku chache yanaweza kuua kwa siku moja au mbili. Hali hiyo hutokea kwa nadra, lakini dawa zinazoileta si ngeni. Baadhi yake hutolewa zahanati, kliniki za CTC (za tiba na matunzo kwa wenye VVU) na maduka ya dawa, Kilosa na Mikumi mkoani Morogoro kama kwingineko Tanzania. Katika wilaya ambayo watu wengi huihesabu kila homa kuwa malaria, hatari hii hujificha kirahisi, maana dalili yake ya kwanza ni homa hiyo hiyo.

Seli za saa chache

Seli nyeupe ziko za aina kadhaa. Zilizo nyingi zaidi kwa kawaida huitwa nyutrofili, na kazi yake ni kumeza na kuua bakteria na kuvu wanaopenya kupitia ngozi, kinywa, mapafu na utumbo. Hutengenezwa katika uboho, yaani nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Nyutrofili ikishaingia katika damu huzunguka kwa saa chache tu, kisha huhamia kwenye nyama za mwili na kufa baada ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo uboho wa mtu mzima hulazimika kutengeneza takriban nyutrofili bilioni 100 kila siku. Kazi hiyo ikisimama, pengo huonekana katika damu mapema kuliko pengo la seli nyekundu, ambazo huishi takriban siku 120.

Vitabu vingi vya tiba huhesabu kuwa mtu mzima ana seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu. Nyutrofili zikiwa chini ya 1,500, hali hiyo huitwa nyutropenia. Zikishuka chini ya 500, hatari ya maambukizi makali hupanda sana. Zikikaribia kwisha kabisa, hali huitwa agranulositosisi, na hapo hata bakteria wanaoishi kinywani na tumboni siku zote bila kudhuru hupata njia ya kuingia katika damu.

Dawa hudhuru kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni dawa kuudhoofisha uboho wenyewe. Dawa za saratani hufanya hivyo kwa sababu zimetengenezwa kuzuia seli zinazogawanyika haraka, na seli za uboho ni miongoni mwa hizo. Zidovudini, dawa ya VVU inayojulikana pia kama AZT, huzuia utengenezaji wa vinasaba katika seli changa. Kotrimoksazoli, aina ya antibayotiki, huingilia matumizi ya foleti, vitamini ambayo seli huihitaji ili zigawanyike. Katika njia hii kiasi cha dawa na muda wa kuitumia vina uzito mkubwa: dozi ikiongezeka au matumizi yakirefuka, upungufu nao huongezeka, kwa kawaida polepole.

Njia ya pili hupitia kinga ya mwili. Dawa, au kemikali inayotokana nayo baada ya kuchakatwa na ini, hunata kwenye seli nyeupe. Kinga ya mwili huiona seli hiyo kuwa ngeni na kuishambulia. Hapa hata dozi ya kawaida kabisa yaweza kuleta maafa, na si rahisi kujua mapema ni nani atakayedhurika. Mara nyingi madhara hujitokeza baada ya wiki chache hadi miezi mitatu tangu dawa ianze. Mtu aliyewahi kudhurika kwa njia hii akipewa tena dawa ile ile, seli zake zaweza kuporomoka kwa muda mfupi zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kuirudia.

Funzo la karne moja

Agranulositosisi ilielezwa rasmi na daktari Werner Schultz wa Berlin mwaka 1922. Wagonjwa wake walipatwa na homa kali na vidonda vya koo, nyutrofili zikatoweka katika damu, na wengi wakafariki. Chanzo hakikujulikana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambapo watafiti wa Marekani waliihusisha hali hiyo na aminopirini, dawa ya maumivu iliyokuwa ikinunuliwa kwa wingi. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa dawa ya kutuliza maumivu yaweza kumwondolea mtu kinga yake yote.

Mwaka 1975 nchini Finland wagonjwa waliokuwa wakitumia klozapini, dawa ya magonjwa makali ya akili, walipatwa na agranulositosisi, na 8 kati yao walifariki. Dawa hiyo iliondolewa katika nchi nyingi. Iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sharti kwamba kila mgonjwa apimwe damu mara kwa mara. Utaratibu huo umeokoa maisha mengi, kwa kuwa upungufu ulianza kuonekana kwenye karatasi ya maabara kabla ya homa.

Tukio lililoigusa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi ni la amodiakwini, dawa ya malaria. Katika miaka ya 1980 wasafiri wa Ulaya waliitumia kila wiki ili kujikinga na malaria. Mwaka 1986 madaktari wa Uingereza walikadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 2,000 waliojikinga kwa dawa hiyo alipatwa na agranulositosisi, na baadhi yao walifariki. Matumizi yake kwa ajili ya kujikinga wakati wa safari yakaachwa. Kwa tiba ya siku tatu, hata hivyo, hatari ilionekana kuwa ndogo mno, na dawa hiyo ikaendelea kuwa na nafasi yake. Zanzibar iliichagua, ikichanganywa na artesuneti, kuwa tiba ya kwanza ya malaria tangu mwaka 2003. Tanzania Bara ilichukua njia nyingine: sera ya mwaka 2006 iliweka mseto wa artemeta na lumefantrini, unaojulikana kama ALu.

Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi Kampala walitoa matokeo yaliyobadilisha mwongozo wa matumizi ya amodiakwini. Watoto wenye maambukizi ya VVU waliotibiwa malaria kwa artesuneti na amodiakwini walipimwa damu siku ya 14. Asilimia 45 kati yao walikuwa na upungufu wa nyutrofili, ilhali kwa watoto wasio na VVU ilikuwa asilimia 6. Waliokuwa wakitumia zidovudini ndio waliodhurika zaidi. Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mgonjwa anayetumia zidovudini asitibiwe malaria kwa mseto wenye amodiakwini iwapo ipo dawa nyingine. Mkazi wa Kilosa anayetumia zidovudini, akiugua malaria akiwa safarini Unguja au Pemba, ana haja ya kumwambia mhudumu dawa anazotumia kabla ya kupokea vidonge.

Dawa zinazohitaji uangalizi

Kwa watu wanaoishi na VVU, zidovudini ilitumika kwa miaka mingi katika kliniki za CTC. Kuanzia mwaka 2019 Tanzania imewahamishia wagonjwa wengi kwenye kidonge chenye tenofovu, lamivudini na dolutegravu, ambacho hakina tabia hiyo ya kukandamiza uboho. Zidovudini imebaki kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaohitaji kubadilishiwa dawa. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, hupewa watu wenye VVU kila siku ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi. Faida yake ni kubwa kuliko hatari yake, lakini ikitumika pamoja na zidovudini, damu ya mgonjwa inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Mjamzito anayeitumia hapewi SP ya kujikinga na malaria, kwa kuwa dawa zote mbili zina salfa na hufanya kazi kwa namna inayofanana.

Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aina ya kriptokokasi, ambayo huwapata zaidi watu wenye ugonjwa wa VVU uliokomaa, hutibiwa kwa flusitosini pamoja na dawa nyingine. Utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Malawi, Zambia na Cameroon, na kutolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa flusitosini huokoa maisha ya wagonjwa hao. Dawa hiyo hiyo huweza kushusha nyutrofili, kwa hiyo hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa na kupimwa damu.

Selimundu ni ugonjwa mwingine unaohusika hapa, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu, na katika dozi zake hushusha nyutrofili kwa kiasi fulani. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliowashirikisha watoto 606 wa Kenya, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulithibitisha kuwa dawa hiyo ni salama na yenye manufaa Afrika, mradi damu ipimwe na dozi ipangwe kwa kufuata majibu. Kilifi, katika pwani ya Kenya, ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti huo.

Wagonjwa wa saratani kutoka Mkoa wa Morogoro hufuata tiba katika hospitali kubwa, ikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Baada ya dripu ya dawa za saratani, nyutrofili kwa kawaida hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Kufikia siku hizo mgonjwa mara nyingi amekwisha kurudi nyumbani. Kwa hiyo homa yake humkuta Kimamba, Rudewa au Ulaya ya Kilosa, mbali na daktari aliyempa dawa.

Kabimazoli, dawa ya tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, huleta agranulositosisi kwa wagonjwa kama 2 hadi 5 kati ya 1,000, wengi wao ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kloropromazini na klozapini kwa magonjwa ya akili, kabamazepini kwa kifafa, dapsoni kwa ukoma na kloramfenikoli miongoni mwa antibayotiki zina hatari hiyo pia, kila moja kwa kiwango chake. Kloramfenikoli huweza, kwa nadra sana, kuufisha uboho wote, hata seli nyekundu na chembe sahani zikakosekana pamoja na seli nyeupe.

Kwa jamii za wafugaji ipo dawa nyingine ya kuangalia: levamisoli, dawa ya minyoo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Iliwahi kutumika kwa binadamu pia. Dozi moja ya minyoo haikuwa tatizo kubwa, lakini wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa kwa muda mrefu katika miaka ya 1970 walipatwa na agranulositosisi. Dawa ya mifugo iliyobaki nyumbani haifai kunywewa na mtu, hata kama jina lake linafanana na la dawa ya binadamu.

Homa, koo na kipimo cha malaria

Dalili huja ghafla. Homa hupanda, mwili hutetemeka, koo huuma hadi kumeza mate kunakuwa kazi. Vidonda hutokea kwenye ufizi, ulimi na kooni, na baadhi ya wagonjwa hupata vidonda sehemu ya haja kubwa. Uchovu huwa mkubwa kuliko ule wa mafua ya kawaida. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba usaha huweza kukosekana, kwa kuwa usaha wenyewe hutokana kwa sehemu kubwa na nyutrofili zilizokufa. Kidonda chaweza kuonekana kikavu, na picha ya kifua ya mgonjwa mwenye nimonia yaweza kuonyesha kidogo tu, ilhali maambukizi yanasambaa ndani.

Kilosa na Mikumi, mtu mwenye homa hupimwa kwanza malaria, na ni sahihi iwe hivyo. Tatizo huanza kipimo kinapotoa jibu hasi na mgonjwa akaondoka na paracetamol pekee, au kinapotoa jibu chanya na kila kitu kikahusishwa na malaria. Paracetamol hushusha joto kwa saa chache na kumfanya mgonjwa aonekane amepata nafuu. Isitoshe, malaria, homa ya matumbo, dengi na VVU vyote vyaweza kupunguza seli nyeupe kwa kiasi fulani. Kinachomwongoza mhudumu kwenye chanzo sahihi ni swali moja: mgonjwa ametumia dawa gani katika miezi mitatu iliyopita? Swali hilo halihitaji mashine yoyote, na linaweza kuulizwa katika zahanati iliyo mbali kuliko zote.

Kusoma hesabu ya damu

Kipimo kinachohitajika ni picha kamili ya damu, ambayo katika maabara hufahamika kwa kifupi kama FBP. Mahali ambapo mashine imeharibika au haipo, mtaalamu wa maabara anaweza kupaka damu kwenye kioo, kuipaka rangi na kuhesabu aina za seli nyeupe kwa hadubini ile ile anayotafutia vimelea vya malaria.

Jumla ya seli nyeupe peke yake haitoshi. Mgonjwa mwenye seli nyeupe 2,000, ambazo asilimia 20 tu ni nyutrofili, ana nyutrofili 400, na hiyo ni dharura. Mwingine mwenye jumla hiyo hiyo, lakini nyutrofili zikiwa asilimia 70, ana 1,400, na hali yake ni tofauti kabisa.

Kwa Waafrika lipo jambo jingine la kuzingatia. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wamerithi badiliko la kinasaba linaloondoa protini iitwayo Duffy kwenye seli nyekundu. Badiliko hilo huwakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax, na wakati huo huo huambatana na nyutrofili chache zaidi katika damu. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa na nyutrofili 1,200 maisha yake yote bila kuugua mara nyingi kuliko wengine. Vipimo vya watu wazima wenye afya huko Mbeya, vilivyochapishwa mwaka 2008, vilikuwa sehemu ya juhudi za kupata viwango vinavyowafaa Watanzania. Mwaka 2015 Marekani nayo iliweka viwango vya chini zaidi vya nyutrofili kwa watumiaji wa klozapini wenye hali hiyo, ili wasinyimwe dawa pasipo sababu.

Kwa hiyo kipimo cha kabla ya kuanza dawa kina thamani kubwa. Mtu aliyeanza akiwa na 1,300 na sasa ana 1,200 hajapoteza kitu. Aliyeanza na 4,000 na sasa ana 1,200 anashuka, na anapaswa kupimwa tena mapema.

Matibabu

Hatua ya kwanza ni kusimamisha dawa inayoshukiwa. Kwa kabimazoli, mgonjwa anayepata homa au koo kali hushauriwa kuiacha mara moja na kupima damu siku hiyo hiyo. Kwa dawa za VVU (ARV), za kifua kikuu, za kifafa na za akili, uamuzi wa kuacha au kubadilisha unapaswa kufanywa na mhudumu wa afya, naye aonwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuziacha kiholela kuna hatari zake.

Hatua ya pili ni antibayotiki za mishipani zinazoua bakteria wa aina nyingi. Mgonjwa mwenye homa ya nyuzijoto 38 au zaidi na nyutrofili chini ya 500 anapaswa kupata dozi ya kwanza ndani ya saa moja tangu afike, pasipo kusubiri majibu ya kuotesha vimelea. Zahanati au kituo cha afya kinaweza kuanza na antibayotiki iliyopo, kisha kumpeleka mgonjwa katika Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Akihitaji huduma kubwa zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro. Msimu wa mvua, ambapo Mto Mkondoa hujaa na barabara za vijijini hukatika, dozi ya kwanza kabla ya safari ina uzito wa pekee.

Wodini mgonjwa hutengwa na wenye magonjwa ya kuambukiza, kila anayemgusa hunawa mikono, chakula chake hupikwa kikaiva, na sindano za msuli pamoja na dawa za kuingiza njia ya haja kubwa huepukwa. Dawa ya filgrastimu, inayochochea uboho kutengeneza nyutrofili, hutumika inapopatikana na hali inapohitaji. Kwa wagonjwa wengi hesabu hurudi ndani ya wiki moja hadi tatu baada ya dawa iliyodhuru kuachwa. Zamani, kabla ya antibayotiki, wengi walikufa. Leo, tiba ikianza mapema katika hospitali yenye uwezo, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hupona.

Kinga na taarifa

Mgonjwa anayeanzishiwa dawa ya aina hii anastahili kuambiwa mambo matatu kwa Kiswahili kinachoeleweka: jina la dawa, dalili za kumrudisha hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki, na siku ya kupima damu. Jina la dawa liandikwe katika daftari la matibabu, na aliyewahi kudhurika aandikiwe kwenye ukurasa wa mbele kwamba asipewe dawa hiyo tena.

Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na baadaye kufika Morogoro, yana wahudumu waliopata mafunzo na yanaruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki. Mara nyingi muuzaji ndiye mtu wa kwanza kuonwa na mgonjwa mwenye homa. Akimuuliza kuhusu dawa anazotumia kabla ya kumpa nyingine, na akimwelekeza hospitali mwenye homa na vidonda vya koo, amefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuokoa maisha.

Tukio lolote linaloshukiwa linapaswa kuripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya njano, na mgonjwa pia ana haki ya kutoa taarifa. Tanzania imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa tangu mwaka 1993. Madhara ya nadra kama haya hayawezi kuonekana katika kituo kimoja chenye wagonjwa wachache. Huonekana pale taarifa za vituo vingi zinapowekwa pamoja. Fomu inayojazwa Mikumi huongeza uwezekano wa dawa hatari kutambuliwa, na wa dawa yenye manufaa kuendelea kutumika kwa masharti yanayomlinda mgonjwa.